Ndege za Vita na Milima ya Upare

Miongoni mwa mambo ambayo televisheni imeyaingiza katika nyumba za watu, na ambayo wazee wetu wasingaliweza kuyadhani, ni vipindi vya kufukua ndege za vita. Mpangilio wake haubadiliki sana: shamba la majani katika Uingereza au Ufaransa, mvua ya manyunyu, katapila la manjano, watu wa mabuti ya mpira wamesimama kando ya shimo, na mzee wa kijiji anayeonyesha kwa fimbo mahali ambapo, alipokuwa mtoto, aliona moshi ukipanda, kisha udongo hubadilika rangi ukaelekea samawati kwa mafuta yaliyouingia miaka sitini au sabini iliyopita, harufu ya petroli ikawafikia waliosimama juu, na hatimaye kikachomoza kipande cha aluminiamu chenye namba, na kwa namba ile wakajua ndege ni ipi na rubani alikuwa nani.

Nitataja kimoja, kwa kuwa ni bora katika aina yake. Tarehe 30 Novemba 1941 kijana wa Kimarekani, Roland Wolfe, aliyejitolea kupigana upande wa Waingereza kabla nchi yake haijaingia vitani, alikuwa katika doria na ndege ya Spitfire iliyonunuliwa kwa fedha za tajiri wa Kanada, Garfield Weston, na kupewa jina lake, pale injini ilipopata joto kupita kiasi naye akalazimika kuruka kwa mwavuli juu ya Donegal, katika nchi ya Ireland. Ireland haikuwa na upande katika vita vile. Kwa hiyo Wolfe aliwekwa kizuizini, akatoroka mwezi uliofuata hata akafika Ireland ya Kaskazini, na Waingereza wenyewe, kwa kuchelea kuivunjia heshima nchi isiyofungamana, wakamrudisha kifungoni. Ndege yake ilikuwa imekwisha kuzama katika kinamasi cha mboji. Mwaka 2011 mtafiti Jonny McNee alipatambua mahali ilipolala, wachimbaji wakaifukua mbele ya kamera kwa ajili ya kipindi kilichoongozwa na Dan Snow na kuonyeshwa mwaka 2012, na katika shimo lile zikatoka injini, gurudumu la mkiani, kofia ya ngozi ya rubani, na bunduki sita za rashasha ambazo mboji, kwa kukosa hewa, ilikuwa imezihifadhi vizuri hata mafundi wakaweza kuunda moja kwa vipande vyao, ikafyatua risasi baada ya miaka 70 ya kukaa matopeni.

Kabla ya hapo, Mei 2004, kituo cha televisheni cha London kilikuwa kimerusha moja kwa moja ufukuaji wa ndege ya Hurricane ya rubani Ray Holmes, aliyeigonga kwa makusudi ndege ya Kijerumani juu ya jiji tarehe 15 Septemba 1940, na ambayo mabaki yake yalikuwa chini ya lami ya barabara ya Buckingham Palace, mabasi yakipita juu yake kila siku. Holmes alikuwa bado hai kipindi kiliporushwa. Kwa hakika mvuto wote wa vipindi hivi uko hapo: kwamba chuma na mtu aliyekiendesha, au mtoto aliyekishuhudia kikianguka, huweza kukutanishwa tena kabla hawajafa. Lakini msomaji asidanganyike na katapila. Kazi kubwa hufanyika kabla, katika daftari za vikosi, katika ripoti za polisi na katika vinywa vya wakulima, na shimo huchimbwa pale tu ambapo karatasi na masimulizi yamekwisha kuafikiana.

Vipindi hivi vilichelewa kufika kwetu. Zanzibar ilikuwa na televisheni, tena ya rangi, tangu mwanzo wa miaka ya 1970, lakini Bara serikali ilikiona chombo hicho kuwa ni anasa isiyolingana na hali ya nchi, na ilikuwa mwaka 1994 ndipo vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo, cha serikali kikafuata mwanzoni mwa karne hii. Leo vijana wa Upare huvitazama kama wanavyotazama mpira, na swali ambalo mtazamaji wa Chome huuliza shimo linapofunikwa na majina ya watengenezaji yanapopita ni la haki kabisa: je, kwetu hakuna? Jibu lina sehemu mbili, na zote mbili zinastahili kuelezwa kwa kituo.

Chome ni kijiji cha Upare wa Kusini, wilaya ya Same, kilichokaa ubavuni mwa mlima Shengena, ambao kilele chake cha mita 2,462 ndicho kirefu kuliko vyote katika safu ya Upare. Nyuma yake upo msitu wa hifadhi wenye jina la kijiji. Mbele yake, upande wa magharibi, ardhi huporomoka hadi mbuga kavu ya Makanya yenye mkonge na reli, na ng'ambo yake bonde la mto Pangani. Asubuhi ukungu huwa umefunika vyote, na kinachopanda kutoka chini ni sauti tu. Ukungu unapoondoka, mtu aketiye kibarazani huiona kwa mara moja nchi ambayo jeshi la miguu lingehitaji siku kadhaa kuivuka. Kwa sababu hiyo mtu wa Chome wa mwaka 1916, wakati wa vita kuu vya kwanza, alikuwa na nafasi ambayo mtu wa bondeni hakuwa nayo: ndege za zama zile hazikuwa na uwezo wa kupaa sana, na huenda ndege ya kwanza aliyoiona maishani mwake aliiona kwa kuinamisha kichwa, ikipita chini ya miguu yake.

Maana ndege zilipita. Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, aliyekabidhiwa majeshi ya Waingereza katika Afrika ya Mashariki mwanzoni mwa mwaka ule, aliutwaa mji wa Moshi mwezi Machi, akaishika Kahe siku chache baadaye, kisha masika yakamfunga. Na mvua zilipokatika, katika juma la tatu la Mei, akateremka kwa kufuata reli ya Usambara, ile ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Tanga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911. Alipanga safu tatu: Sheppard kandokando ya mto Pangani, Hannyngton kwenye njia ya reli, na Fitzgerald na askari wake wa King's African Rifles kupitia pengo la Ngulu. Hannyngton alipofika Same aliiacha reli akapinda kuelekea mashariki, akapita kati ya milima hadi Kisiwani na Gonja. Sheppard akaendelea na mto, na tarehe 30 Mei akapambana na Wajerumani wa Meja Kraut huko Mikocheni, karibu na Buiko. Hivyo kwa siku chache milima ya Upare wa Kusini ilikuwa baina ya majeshi mawili yanayotembea, moja likizunguka nyuma ya Shengena na jingine likiteremka mbele yake, na Wajerumani wakirudi nyuma huku wakivunja madaraja na kung'oa reli.

Macho ya majeshi yale yalikuwa Kikosi cha 26 cha urukaji, kilichoundwa kwa watu wa Afrika Kusini na kuteremka Mombasa mwishoni mwa Januari 1916, kikapiga kambi yake ya kwanza Mbuyuni, katika mbuga ya Taita upande wa Kenya, kabla ya kuhamahama nyuma ya jeshi kila lilipoendelea. Smuts aliwahitaji marubani hao kwa dhiki, kwa kuwa farasi wa upelelezi walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa mbung'o, na katika pori la migunga askari mia moja waweza kulala hatua hamsini kutoka njiani wasionekane. Lakini pori lililowaficha adui na macho ya farasi liliwaficha pia na macho ya ndege. Rubani aliona moshi, aliona vumbi, aliona daraja lililovunjika. Askari mwenyewe aghalabu hakumwona.

Na ndege yenyewe ilikuwa kitu gani? B.E.2c, ambayo kikosi kilikuja nayo, ilikuwa na injini ya nguvu za farasi 90, nguvu ambayo Noah moja ya abiria ya leo huipita. Ilikuwa na mbawa za ghorofa mbili, zilizoshikanishwa kwa nguzo za mbao na waya zilizokazwa. Kiunzi chake kilikuwa cha mbao nyepesi, na ngozi yake ilikuwa kitani kilichopakwa dawa kikakauka na kukaza. Katika hewa ya baridi ya Uingereza chombo hiki kilipaa kwa shida ya kadiri. Katika hewa nyepesi na ya moto ya mbuga, saa za mchana, kilipaa kwa shida kubwa, na karibu na milima upepo ulikirusha huku na huko bila ya heshima. Leo Walmsley, aliyekuwa mpelelezi wa angani katika kikosi hiki, akapewa Nishani ya Msalaba wa Kijeshi, na ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi wa riwaya katika Uingereza, alianguka mara 14 kabla hajarudishwa kwao akiwa majeruhi. Kisha akaandika kitabu cha urukaji na uwindaji katika Afrika ya Mashariki, kilichotolewa mwaka 1920. Ikiwa mtu mmoja alianguka mara 14, haihitaji hesabu kubwa kujua kwamba kuanguka kulikuwa sehemu ya kazi.

Basi, hii ndiyo sehemu ya kwanza ya jibu. Ndege ya mwaka 1941 ilikuwa ya aluminiamu na chuma, yenye uzito wa tani kadhaa, ikashuka kwa kasi kubwa katika mboji au udongo mzito wenye maji, ikajizika yenyewe chini kabisa ambako hewa haifiki. Ndege ya mwaka 1916 ilikuwa ya mbao na nguo, ikishuka polepole na kuvunjikia juu ya miti. Mafundi wa kikosi, wakiweza kuifikia, waliibeba injini na vyombo vyake kwa kuwa vipuri vilitoka mbali kwa meli, na kilichoachwa kilikuwa chakula cha mchwa. Mbuga ya Makanya haina mboji. Anayetaka kuiona B.E.2c katika ardhi ya Upare kama walivyoiona Spitfire katika Donegal, anatafuta kitu ambacho hakikuwa na njia ya kubaki.

Mahali pa Tanzania ambapo kipindi cha namna ile kingeweza kusimama ni mbali na Upare, katika delta ya Rufiji, na kisa chake ni kizuri kiasi kwamba ni ajabu hakisimuliwi mashuleni. Manowari ya Kijerumani Königsberg ilikuwa imejificha katika mito ile ya mikoko tangu mwaka 1914, na Waingereza, wasioweza kuiona kutoka baharini, walimkodi rubani wa kiraia, H. D. Cutler, aliyekuwa Durban, pamoja na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Cutler aliiona manowari, na mwezi Desemba injini ilipomharibikia akashuka mtoni akakamatwa. Mwanafunzi wa unahodha aitwaye Gallehawk akaingia kwa boti mbele ya bunduki za Wajerumani akaikokota ndege ile mpaka nje. Mwaka uliofuata zilikuja ndege nyingine, kituo chao kikiwa kisiwa cha Mafia ambacho Waingereza walikuwa wamekitwaa, na pamoja nazo manowari mbili fupi zisizozama sana majini, Severn na Mersey. Jaribio la tarehe 6 Julai 1915 halikufaulu. Tarehe 11 Julai rubani John Cull na mwenzake H. J. Arnold walizunguka juu ya Königsberg katika ndege ya Farman, Arnold akituma kwa simu ya upepo habari za kila kombora lilipoangukia, mbele au nyuma, kushoto au kulia, hata mizinga ya Severn ikalenga sawasawa. Na hapo ndipo kipande cha kombora la Wajerumani kilipoivunja injini yao. Ndege ikaanza kuteremka bila ya nguvu. Arnold hakuacha kutuma masahihisho. Wakaanguka mtoni karibu na Mersey, ndege ikapinduka, Cull akanaswa chini ya maji na mkanda wake kabla hajaweza kujinasua, na mashua ikawaokoa wote wawili; Königsberg haikuiona jioni ya siku ile ikiwa salama, kwani nahodha wake Max Looff aliamuru ilipuliwe.

Haikwisha hapo. Januari 1917 ndege ya majini aina ya Short ilishuka kwa hitilafu katika delta ileile, na ndani yake walikuwamo rubani Edwin Moon, mtu wa Southampton aliyewahi kujijengea ndege yake mwenyewe kabla ya vita, na afisa Richard Bridgeman. Waliiharibu ndege isimfae adui, kisha wakatangatanga kwa siku tatu kati ya mikoko na mamba, wakijaribu kuelea hata kwa fremu ya dirisha la nyumba waliyoikuta, mpaka Bridgeman akafa kwa uchovu na kukosa hifadhi, na Moon akakamatwa akakaa mateka hadi karibu na mwisho wa mwaka. Kaburi la Bridgeman liko Dar es Salaam, katika makaburi ya vita. Wanaopenda kufukua wangepata hapa kila kitu wanachokipenda isipokuwa udongo unaotulia, kwa kuwa Rufiji huhamisha mikondo yake.

Kwa upande wa Wajerumani hadithi ni fupi. Walikuwa na ndege moja, iliyoletwa Dar es Salaam na Bruno Büchner kwa ajili ya maonyesho yaliyokusudiwa kufanyika Agosti 1914, na ambayo vita viliikuta bandarini kama mgeni aliyefika siku ya msiba. Lakini katika Novemba 1917 walijaribu jambo kubwa zaidi: chombo cha hewa L 59, kirefu kuliko meli nyingi, kiliondoka Jamboli katika Bulgaria kuja kumletea Lettow-Vorbeck, kamanda wa majeshi yao hapa kwetu, dawa na risasi, kikafika hadi juu ya Sudan, kikaamriwa kurudi, na kikatua kilipotoka baada ya safari ya saa 95 na kilomita zaidi ya 6,700 bila ya kugusa ardhi. Nakitaja kwa jambo moja ambalo wahunzi wa Upare wangelielewa upesi kuliko sisi. Chombo kile hakikukusudiwa kurudi. Kiliundwa ili kifumuliwe hapa kwetu, nguo yake iwe mahema na mavazi, mbavu zake ziwe milingoti ya simu ya upepo, ngozi ya vijia vyake iwe viatu vya askari. Yaani kilikuwa mabaki kabla hakijaanguka.

Na hii ndiyo sehemu ya pili ya jibu, ambayo wachimbaji wa Ulaya mara chache huhitaji kuifikiria. Upare ni nchi ya wahunzi. Huko Ugweno, Upare wa Kaskazini, ukoo wa Washana ulijulikana kwa uhunzi tangu zama ambazo masimulizi huzitaja kuwa kabla ya enzi ya Wasuya, ukoo uliotawala baada yao. Waliyeyusha chuma kutoka katika mchanga mweusi wa vijito kwa tanuri za udongo na mivukuto ya ngozi, na Wachaga wa Kilimanjaro walikinunua wafue mikuki na majembe. Katika nchi ya namna hii chuma hakiachwi porini. Waya uliokaza bawa la ndege unafaa kwa mtego na bangili. Bomba linafaa kwa mtungi wa mivukuto. Bati linafaa kwa paa na kibuyu. Madhali kazi ya kuyeyusha mchanga ilikuwa nzito, kipande kilichokwisha kuyeyushwa na mwingine kilikuwa neema. Vivyo hivyo kwa Königsberg: Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi, wakaifunga magurudumu na kuisambaza, mmoja ukavutwa mpaka Kahe ambako uliachwa na kuvunjwa Machi 1916, mwingine ukaishia Ngome ya Yesu, Mombasa, uliko hata leo, kiwiliwili cha manowari kiliuzwa mwaka 1924 kwa John Ingle, mmoja wa maafisa walioiwinda, na baada yake wauza vyuma chakavu waliendelea kukimega kwa miongo.

Chuma cha vita kilichobaki Upare, na ambacho kila mtu amekisikia bila ya kukifikiri, ni reli. Katika shule na makanisa mengi ya nchi hii hutundikwa mtini kipande cha reli cha urefu wa mkono, kikapigwa kwa nati au bolti kubwa, nacho hutoa mlio mkali usiofanana na kengele ya shaba, wenye mwanzo mfupi na mkia mrefu, ambao katika ukungu wa milimani hufika mbali kuliko sauti ya mtu. Ukikigeuza kipande cha zamani utaona pengine tarakimu na jina la kiwanda vimechomoza ubavuni mwa chuma, vilivyopigwa chapa wakati wa kukiviringisha. Mchimbaji wa Donegal alifurahia namba ya namna hiyo akiwa na tope hadi magotini. Hapa watoto huipiga kila asubuhi saa moja na nusu.

Sheria nayo ina neno lake. Uingereza, tangu mwaka 1986, huwezi kugusa mabaki ya ndege ya kijeshi bila ya kibali cha Wizara ya Ulinzi, na kibali hakitolewi ikiwa yatarajiwa kukutwa mwili wa mtu au mabomu ambayo hayajalipuka. Kwetu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda yenyewe vitu na majengo ya kabla ya mwaka 1863; vya baadaye hulindwa waziri akivitangaza. Kwa hiyo handaki la mwaka 1916 katika wilaya ya Same, au nguzo ya daraja lililolipuliwa na watu wa Kraut, lina hadhi sawa na tofali la juzi mpaka mtu alichukulie hatua. Naona mstari huu umepitwa na wakati, kwa kuwa ulipochorwa vita vya 1914 vilikuwa bado ni habari za watu walio hai.

Lakini nisije nikaonekana kulilia chuma kama wanavyokililia wao. Kasoro ya vipindi vile, pamoja na uzuri wake wote, ni kwamba vinapenda vita vyenye namba ya kiwanda. Mtu aliyeketi ndani ya mashine hupata jina, picha, mjane na kaburi. Mtu aliyebeba petroli ya mashine ile kichwani kutoka mwisho wa reli hadi uwanja wa ndege hapati hata kimoja. Waingereza peke yao waliandikisha wapagazi wapatao milioni moja katika vita vya Afrika ya Mashariki, na waliokufa, wengi kwa kuhara, homa na njaa, wanakadiriwa kuwa karibu laki moja. Hakuna katapila litakalowafukua, maana hawakuzikwa na kitu kisichooza. Wajerumani nao walichukua watu na vyakula katika kila nchi waliyopita wakirudi nyuma, na mwishoni mwa vita yakafuata mafua makuu ya 1918. Ndege zilizopita juu ya Same mwezi Mei 1916 zilikuwa chache; migongo iliyopita chini yake ilikuwa maelfu.

Hali kadhalika kwa vita vya pili. Miaka ileile ambayo Ulaya huifukua ili kupata Spitfire, Upare huikumbuka kwa jambo ambalo halikuacha chuma hata kidogo. Serikali ya kikoloni ilileta kodi ya kukadiriwa iliyoitwa mbiru, na Januari 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kutoka milimani wakakusanyika Same kuikataa, wakakaa huko kwa muda mrefu. Mwaka 1946 wanawake wa Usangi wakaingia katika mapambano hayo kwa nguvu. Haya tunayajua kwa urefu kwa kuwa Isaria Kimambo, mwanahistoria na mwana wa Upare, aliwasikiliza wazee na kuzisoma faili za wilaya, akatoa kitabu kidogo juu ya mbiru mwaka 1971. Alifanya kazi ileile afanyayo mtafiti wa Donegal kabla ya katapila kuwasili, na hakuhitaji shimo.

Waliokuwa watoto mwaka 1916 wamekwisha. Watoto wao, waliosimuliwa na mashahidi wenyewe, sasa wana miaka themanini na tisini, nao wako Chome, Vudee, Mbaga na Kisiwani, tena wengi wana akili timamu na subira ya kuulizwa. Nyaraka za Taifa zilizoko Dar es Salaam zina majalada ya Wajerumani na ya Waingereza ya wilaya hizi. Natoa rai kwa walimu wa historia wa shule za tarafa hizo: wapeni wanafunzi daftari, wawaendee babu na bibi kwa heshima inayostahili, na wawaulize mambo matatu, yaani nani katika ukoo alichukuliwa upagazi na kama alirudi, jeshi lilipopita lilichukua nini, na kile chombo cha angani mzee wao alikiona wapi na alikiitaje, kisha nakala moja ya daftari ibaki shuleni na nyingine ipelekwe Nyaraka za Taifa. Kazi hiyo yaweza kuanza muhula huu, na haihitaji kibali cha wizara yoyote.